Jinsi dhiki ya taifa inavyoingia nyumbani: Mchango wa Glen Elder katika utafiti wa familia

KATIKA Kiswahili zipo methali mbili za malezi ambazo hutajwa pamoja mara nyingi ingawa hazisemi jambo moja. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" inamtwika mzazi mzigo wote. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" inakiri kuwa nje ya nyumba yupo mwalimu mwingine ambaye mzazi hana mamlaka juu yake.

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, wataalamu wengi wa nchi za Magharibi waliochunguza malezi waliifuata njia ya methali ya kwanza. Walimpima mtoto, wakamhoji mama, kisha wakafunga mlango wa nyumba kana kwamba vita, njaa na ukosefu wa kazi ni mambo ya wanahistoria na wanauchumi.

Mmoja wa wasomi walioufungua mlango huo ni mwanasosholojia wa Marekani, Profesa Glen H. Elder Jr. Kitabu chake, Children of the Great Depression, kilichochapishwa mwaka wa 1974, kilichunguza watoto waliokua wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka katika miaka ya 1930. Hitimisho lake limeathiri sosholojia, saikolojia, elimu ya uhalifu na taaluma ya afya ya jamii: dhiki ya uchumi humfikia mtoto hasa kwa kupitia mahusiano ya watu wanaomlea, na athari yake hutegemea umri alio nao inapomkuta.

Makala haya yanaeleza jinsi Elder alivyofikia hitimisho hilo, kanuni alizozijenga juu yake, na sababu za watafiti wa familia kuendelea kuzitumia.

Asili na elimu yake

Elder alizaliwa Februari 28, 1934, mjini Cleveland katika jimbo la Ohio, wakati nchi yake ingali katika mdororo huo wa uchumi ambao baadaye aliufanya kuwa kiini cha utafiti wake. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, mwaka wa 1961.

Mwaka uliofuata alijiunga na taasisi ya utafiti wa makuzi ya binadamu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyokuwa chini ya mwanasosholojia John Clausen. Humo ndimo alimokuta hazina iliyobadilisha mwelekeo wa kazi yake: majalada ya watoto waliokuwa wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1920 na 1930.

Elder alipoyapekua majalada hayo, alitambua jambo lililowapita wengi. Desturi ya wanasosholojia ilikuwa kuiweka familia katika tabaka moja na kuiacha hapo. Lakini majalada yalionyesha familia zilizokuwa na uwezo mwaka mmoja na kupungukiwa mwaka uliofuata, baba aliyekuwa na kazi nzuri na baadaye hana, nyumba iliyohamwa kwa kushindwa kodi. Kilichohitaji kupimwa kilikuwa badiliko lenyewe na yale lililoyazaa.

Wazo la kufuata maisha ya watu kadiri yanavyokwenda halikuwa geni kabisa. William I. Thomas na Florian Znaniecki walikuwa wamechapisha, kati ya 1918 na 1920, utafiti mkubwa kuhusu wakulima wa Poland waliohamia Marekani, wakitumia barua na masimulizi ya maisha. C. Wright Mills naye alikuwa amewahimiza wanasosholojia wenzake kuunganisha maisha ya mtu binafsi na historia ya jamii yake. Elder alipata kile walichokikosa wengi waliomtangulia, yaani kumbukumbu za watu wale wale kwa miongo kadhaa.

Watoto wa Oakland

Kundi la kwanza lilikuwa la watoto 167 wa mji wa Oakland, California, waliozaliwa mwaka wa 1920 na 1921. Watafiti walikuwa wameanza kuwafuatilia mapema katika miaka ya 1930 kwa nia ya kuchunguza ukuaji wa mwili na akili katika ujana. Hawakukusudia kuchunguza umaskini. Umaskini ndio uliowakuta kazini.

Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka Oktoba 1929. Kufikia mwaka wa 1933, takriban robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na ajira. Watoto wa Oakland walikuwa na umri wa kati ya miaka minane na kumi hivi mambo yalipoanza kuharibika, na walikuwa vijana chipukizi dhiki ilipofika kileleni.

Elder alizigawa familia hizo kwa vigezo viwili. Cha kwanza kilikuwa tabaka la familia kabla ya mdororo: tabaka la kati au tabaka la wafanyakazi wa mikono. Cha pili kilikuwa kiasi cha mapato kilichopotea kati ya 1929 na 1933. Familia zilizopoteza zaidi ya thuluthi moja ya mapato ziliwekwa katika kundi la waliofukarika.

Kigezo hicho hakikuchaguliwa kiholela. Bei za bidhaa nazo zilikuwa zimeshuka kwa takriban robo katika kipindi hicho, kwa hivyo familia iliyopoteza kidogo haikupungukiwa kwa hakika. Kwa njia hiyo Elder aliweza kulinganisha majirani wa tabaka moja, mmoja aliyefukarika na mwenzake aliyenusurika, na kuuliza ni nini kilichotofautisha maisha ya watoto wao.

Yaliyobadilika ndani ya nyumba

Elder alibainisha njia tatu ambazo upungufu wa fedha ulipitia hadi kumfikia mtoto.

Ya kwanza ilikuwa uchumi wa nyumba. Fedha zilipoadimika, kazi iliongezeka. Vitu vilivyokuwa vikinunuliwa vilitengenezwa nyumbani, akina mama wengine walitafuta kazi za mshahara, na watoto wakaitwa kusaidia. Wasichana walichukua kazi za nyumbani, ilhali wavulana walitafuta vibarua nje. Mtoto aliyekuwa akilishwa sasa alikuwa miongoni mwa wanaolisha.

Njia ya pili ilikuwa mahusiano. Baba aliyepoteza kazi au mapato alipoteza pia sehemu ya heshima yake machoni pa mkewe na watoto. Mama akawa mhimili wa nyumba, mwamuzi wa mambo mengi na mtu ambaye watoto walimkimbilia. Mabadiliko hayo yalionekana hata katika familia za tabaka la kati ambazo awali zilijiona kuwa mfano wa utaratibu wa baba kuongoza na mama kufuata.

Ya tatu ilikuwa mfadhaiko wa kijamii: aibu ya kuvaa nguo kuukuu mbele ya wenzako shuleni, wasiwasi juu ya kesho, na ugomvi wa wazazi kuhusu kila senti iliyotumika.

Kwa kutazama mambo hayo, mtu angetarajia kwamba watoto wa familia zilizofukarika waliharibikiwa. Hapa ndipo utafiti wa Elder ulipowashangaza wengi. Alipofuata maisha yao hadi utu uzima, aligundua kuwa wengi walifanikiwa. Wanaume waliotoka katika familia za tabaka la kati zilizofukarika hawakuwa nyuma ya wenzao kikazi, na walikuwa wamejua mapema zaidi kazi waliyoitaka. Aidha, waliithamini mno familia na watoto. Wanawake waliotoka katika nyumba zenye dhiki walielekea kuolewa mapema na kuiweka familia mbele ya mambo mengine.

Elder hakudai kwamba umaskini ni mwalimu mwema. Watoto wa tabaka la wafanyakazi waliofukarika walipata hasara zaidi kuliko wale wa tabaka la kati, kwani walianza na akiba ndogo ya elimu na nyenzo. Isitoshe, wengi wa vijana hawa walifika utu uzima wakati Vita vya Pili vya Dunia na ustawi uliofuata vilifungua nafasi nyingi za kazi na masomo. Lau wangezaliwa katika kipindi kingine, huenda hadithi yao ingekuwa tofauti kabisa.

Dhiki ile ile, umri tofauti

Jambo hilo la mwisho lilimsumbua Elder. Je, matokeo ya Oakland yalitokana na dhiki yenyewe, au na umri ambao dhiki iliwakuta watoto hao?

Jibu lilipatikana katika kundi la pili, la watoto waliozaliwa mjini Berkeley mwaka wa 1928 na 1929. Mji huo unapakana na Oakland, na familia zake zilipitia mdororo ule ule. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba hawa walikuwa wachanga mno dhiki ilipopamba moto. Hawangeweza kufanya kibarua wala kuelewa kwa nini baba amebadilika. Walikuwa tegemezi kwa kila jambo, katika miaka ambayo nyumba ndiyo dunia yote ya mtoto.

Wavulana wa Berkeley waliotoka katika familia zilizofukarika walionyesha madhara ambayo wenzao wa Oakland hawakuwa nayo. Walipofika ujanani walikuwa na matumaini haba, hawakujiamini, na masomo yao yalidorora. Wasichana hawakuathirika kwa kiwango hicho. Elder alieleza kuwa dhiki iliwasogeza karibu na mama, ambaye nguvu zake nyumbani zilikuwa zimeongezeka, ilhali wavulana walimpoteza baba kama kielelezo bila kupata badala yake.

Kutokana na ulinganisho huu, swali la "umaskini humfanya nini mtoto?" lilionekana kuwa pungufu. Msomi makini alilazimika kuongeza: mtoto wa umri gani, wa kike au wa kiume, katika nyumba ya namna gani?

Hasira ya baba na mapatano ya wazazi

Majalada ya Berkeley yalikuwa na faida nyingine. Kwa kuwa ukusanyaji wake ulianza kabla ya dhiki kufika kileleni, yalihifadhi habari za jinsi wazazi walivyoishi hapo awali. Elder na wenzake, wakiwemo Jeffrey Liker na Avshalom Caspi, waliweza kutofautisha kati ya tabia iliyoletwa na dhiki na ile iliyokuwepo tangu mwanzo.

Waligundua kwamba hasara ya mapato iliongeza mvutano kati ya mume na mke, hasa kuhusu fedha, na iliwafanya wanaume wengi kuwa wepesi wa hasira. Lakini haikuwa hivyo kwa kiwango kimoja katika kila nyumba. Ndoa zilizokuwa imara kabla ya mdororo zilistahimili zaidi. Zile zilizokuwa na nyufa zilizidi kupasuka.

Vivyo hivyo, baba aliyekuwa na hamaki tangu zamani ndiye aliyegeuka kuwa mkali kupita kiasi, akiadhibu bila mpango: leo anapiga kwa kosa dogo, kesho anapuuza kosa kubwa. Watoto waliolelewa hivyo walielekea kuwa na ghadhabu zisizodhibitika. Kwa upande mwingine, mapenzi ya mama kwa mtoto yaliweza kupunguza makali ya baba.

Waswahili husema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Elder na wenzake waliipima kauli ya namna hiyo kwa takwimu, wakaongeza jambo moja la maana: nyasi huumia kwa kadiri ya jinsi fahali hao walivyokuwa wakipatana kabla ya ugomvi kuzuka.

Utafiti huo uliendelea hadi vizazi vilivyofuata. Wavulana waliokuwa na hasira kali utotoni walipata taabu ya kudumu kazini na katika ndoa walipokuwa watu wazima. Kwa njia hiyo, ugomvi wa nyumba moja uliweza kurithiwa na nyumba nyingine ambayo haikuwahi kuuona mdororo.

Nafasi ya pili

Hata hivyo, kurithi huko hakukuwa hukumu isiyo na rufani. Elder alipowafuata wavulana wa Berkeley waliokuwa wameanza vibaya, alikuta kwamba wengi wao walikuwa wamejikwamua walipofika umri wa makamo.

Mojawapo ya njia zilizowakwamua ilikuwa ya kustaajabisha: utumishi wa kijeshi. Kuandikishwa jeshini mapema kulimwondoa kijana katika nyumba yenye ugomvi, kukamwahirishia majukumu ya ndoa na kazi, na kumpa muda wa kukomaa. Baadaye sheria ya Marekani ya mwaka wa 1944 iliyowapa askari waliostaafu karo ya masomo iliwafungulia vyuo vikuu. Ndoa yenye utulivu nayo iliweza kuwa daraja la namna hiyo.

Elder aliziita nyakati kama hizo hatua za mgeuko. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini utafiti huu ulionyesha kwamba binadamu huweza kunyooka hata baada ya kukauka, mradi jamii imwekee nafasi ya kufanya hivyo.

Jeshi halikuwa baraka kwa wote. Elder huyo huyo alionyesha kuwa walioandikishwa wakiwa wamepita umri wa miaka 30 walivurugiwa ndoa na kazi walizokuwa wamezianza. Kwa mara nyingine, wakati ndio ulioamua.

Kanuni tano za mkondo wa maisha

Kutokana na tafiti hizi, Elder alijenga nadharia ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita nadharia ya mkondo wa maisha. Aliifafanua katika maandishi mengi, likiwemo makala yake ya mwaka wa 1998 katika jarida la Child Development. Nadharia hiyo husimama juu ya kanuni tano.

Kwanza, makuzi ya binadamu huendelea maisha yote. Hayakomi mtu anapotoka utotoni.

Pili, mtu hujenga maisha yake kwa uamuzi na matendo yake mwenyewe, ingawa hufanya hivyo ndani ya mipaka na nafasi ambazo historia na jamii zimempa.

Tatu, maisha ya mtu huumbwa na mahali na kipindi alimoishi. Watoto wawili wenye akili sawa na wazazi wema sawa hawatakuwa na maisha sawa ikiwa mmoja amekulia vitani na mwingine katika amani.

Nne, athari ya tukio lolote hutegemea wakati linapomkuta mtu. Kufiwa, kuolewa, kuzaa au kupoteza kazi havina maana moja katika kila umri.

Tano, maisha ya watu yamefungamana. Kinachompata mmoja huwafikia wengine kupitia uhusiano wao. Kanuni hii ndiyo iliyogusa zaidi taaluma ya familia, kwa sababu ilimlazimisha mtafiti kumchunguza mtu pamoja na wale ambao maisha yao yameshikana na yake.

Wakulima wa Iowa

Nadharia iliyojengwa juu ya majalada ya kale ilihitaji kujaribiwa kwa watu walio hai. Nafasi hiyo ilipatikana katika jimbo la Iowa, katikati mwa eneo la kilimo la Marekani.

Katika miaka ya 1970 wakulima wa huko walikuwa wamekopa kwa wingi, wakitegemea kwamba bei ya ardhi itaendelea kupanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 riba ilipanda, mauzo ya nje yakapungua na bei ya ardhi ikaporomoka. Wengi walishindwa kulipa madeni, mashamba yaliyorithiwa kwa vizazi yakapigwa mnada, na miji midogo iliyotegemea wakulima ikadhoofika.

Kuanzia mwaka wa 1989, Elder alishirikiana na Rand Conger wa Chuo Kikuu cha Iowa State kufuatilia familia 451 za kaskazini-kati mwa Iowa. Kila familia ilikuwa na baba, mama, mtoto wa darasa la saba na ndugu yake aliyemkaribia kwa umri. Watafiti hawakuridhika na hojaji peke yake. Walizirekodi familia hizo kwa video zikijadili matatizo yao, kisha wachunguzi wakatathmini namna wanavyosemezana: nani anamdhihaki nani, nani anasikiliza, nani ananyamaza.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 1994 katika kitabu Families in Troubled Times, yalitoa mfululizo ambao sasa hufundishwa vyuoni katika nchi nyingi. Mapato yanapopungua, wazazi huona shinikizo la kila siku: bili zisizolipika, mahitaji yanayokatwa, madeni yanayodaiwa. Shinikizo hilo huwatia unyonge na msongo wa mawazo. Unyonge huzaa ugomvi kati ya mume na mke. Ugomvi huharibu malezi, mzazi akawa mkali au akamtupa mtoto mkono. Mtoto naye huonyesha dalili: huzuni, utundu, kushuka kwa masomo.

Umuhimu wa mfululizo huu ni kwamba kila pingili yake inaweza kukatwa. Mume na mke waliotegemezana hawakufikia ugomvi kwa urahisi. Mzazi aliyeendelea kuwa mpole licha ya dhiki aliweza kumkinga mwanawe.

Watafiti walirejea kwa familia hizo mwaka baada ya mwaka, na baadaye wakaongeza familia zilizoongozwa na mama pekee. Katika kitabu cha pili, Children of the Land, cha mwaka wa 2000, Elder na Conger waliuliza kwa nini vijana wengi wa mashambani walifaulu licha ya hali hiyo. Waliitaja mizizi ya familia katika ardhi, wazazi wanaoshiriki katika kanisa, shule na shughuli za jamii, kazi za shambani zinazompa mtoto wajibu wa kweli, na ukaribu wa babu na nyanya.

Kuhusu babu na nyanya, utafiti uliofanywa na Valarie King pamoja na Elder ulitoa picha nzuri ya kanuni ya maisha yaliyofungamana. Ukaribu wa mjukuu na nyanya yake ulitegemea sana uhusiano wa nyanya huyo na mzazi wa mtoto. Mzazi ndiye aliyekuwa mlango. Alipougombana na wazazi wake, mlango ulifungwa, na mjukuu akakosa hazina ambayo hakuwa na kosa lolote la kuikosa.

Athari katika taaluma nyingine

Kabla ya Elder, mtazamo uliotawala sosholojia ya familia nchini Marekani ulikuwa wa Talcott Parsons, ambaye katika miaka ya 1950 aliieleza familia ya baba, mama na watoto kama mfumo wenye majukumu yaliyogawanywa barabara. Elder hakuandika kitabu cha kumpinga. Lakini nyumba alizozionyesha, ambamo majukumu hubadilishana mikono mambo yanapobadilika nje, zilifanya picha ile ya utulivu ionekane kuwa ya kipindi kimoja tu cha historia.

Mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner, aliyekuwa Cornell ambako Elder pia alifundisha, alitumia kazi yake alipopanua nadharia yake kuhusu mazingira ya makuzi ya mtoto ili ijumuishe kipengele cha wakati. Katika elimu ya uhalifu, Robert Sampson na John Laub walichapisha mwaka wa 1993 utafiti ulioonyesha jinsi ndoa imara na ajira zilivyowageuza wanaume waliokuwa wahalifu ujanani. Msingi wake ulikuwa ule ule wa mkondo wa maisha na hatua za mgeuko.

Elder mwenyewe alishiriki pia katika uchunguzi uliofanywa Shanghai, China, kuhusu watu waliopelekwa mashambani wakiwa vijana wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Aidha, alikuwa miongoni mwa watafiti wa mradi mkubwa wa afya ya vijana wa Marekani, maarufu kama Add Health, ulioanza mwaka wa 1994 na kuwahoji vijana zaidi ya 20,000.

Nchini Finland, watafiti waliutumia mfululizo wa Iowa kueleza yaliyozipata familia wakati wa mdororo wa miaka ya 1990. Waliona pingili zile zile, ingawa nchi hiyo ina mfumo mpana wa huduma za jamii.

Hoja za wakosoaji

Kazi ya Elder haikukosa mapungufu. Watoto wa Oakland na Berkeley walikuwa wachache, wa eneo moja, na waliochunguzwa katika kitabu chake cha kwanza walikuwa Wazungu. Familia za Iowa nazo zilikuwa za Wazungu wa mashambani. Haikuwa halali kutoka hapo na kuzisemea familia zote za Marekani, seuze za dunia.

Pengo hilo lilijazwa kwa sehemu na wengine. Mwanasaikolojia Vonnie McLoyd aliandika mwaka wa 1990 kuhusu athari za umaskini kwa familia za Wamarekani Weusi, akionyesha kwamba umaskini wa kudumu na ubaguzi wa rangi hubadilisha hesabu. Mwaka wa 2002 Conger na wenzake, akiwemo McLoyd, waliujaribu mfululizo wao kwa familia za Wamarekani Weusi wa Georgia na Iowa, na sehemu kubwa yake ilithibitika.

Hoja nyingine ni ya kimsingi zaidi. Kupoteza ulichokuwa nacho ni tofauti na kutowahi kuwa nacho. Elder alichunguza hasa familia zilizoanguka. Mtoto aliyezaliwa katika umaskini wa vizazi hana "kabla" ya kulinganisha na "baada". Vilevile, simulizi ya waliofanikiwa licha ya dhiki inaweza kutumiwa na wanasiasa kuwaacha maskini wajikwamue wenyewe. Yafaa ikumbukwe kwamba waliojikwamua katika vitabu vya Elder walisaidiwa na ajira za baada ya vita, karo za serikali na shule za umma zilizo imara.

Funzo kwa watafiti wa familia zetu

Ni dhahiri kwamba nyumba ya Oakland si nyumba ya Kakamega wala ya Likoni. Mtoto wa Kenya huenda analelewa na shangazi, nyanya au kaka mkubwa, na baba anayefanya kazi mbali na nyumbani si jambo jipya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kanuni ya maisha yaliyofungamana ina mengi ya kuuliza hapa: mshahara wa mtu mmoja wa Nairobi unapokatika, ni nyumba ngapi zinazotikisika, na mtoto yupi katika nyumba hizo anatikisika zaidi?

Mfano wa karibu ni janga la Covid-19. Shule zote za Kenya zilifungwa Machi 2020. Wanafunzi wa darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirejea Oktoba mwaka huo, na waliosalia wakarudi Januari 2021. Janga lilikuwa moja, lakini liliwakuta watoto katika hatua tofauti: mmoja akijifunza kusoma, mwingine akikaribia mtihani wa mwisho, mwingine akiwa msichana wa umri ambao kukaa nyumbani kuna hatari zake. Mtafiti atakayewapima wote kwa kipimo kimoja atapata wastani usiomhusu yeyote.

Kazi ya namna hii huhitaji kumbukumbu za muda mrefu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha utafiti cha APHRC chenye makao yake Nairobi kilianza kuzifuatilia kaya za Korogocho na Viwandani kwa awamu, na hivyo kuwapa wasomi msingi wa kuona mabadiliko badala ya picha ya siku moja. Majalada ya Oakland yalitunzwa kwa miaka 30 kabla ya mtu kuyauliza swali lililoyapa umaarufu.

Kwa wanaopanga sera, ujumbe wa Elder ni wa wazi. Msaada wa fedha unaoifikia familia mapema, kabla ya unyonge kugeuka ugomvi na ugomvi kugeuka ukatili, huokoa zaidi ya chakula cha siku hiyo. Na kwa mtoto ambaye msaada ulichelewa kumfikia, shule inayomrudisha, kazi inayompa heshima na mtu mzima mmoja anayemjali bado vinaweza kuugeuza mkondo wa maisha yake.